Nani Kampa Huyu Mtoto 99?

Haya ni maneno niliyoongea juzi mbele ya wazazi wa watoto njiti na manesi wenzangu. Wengine mlikuwa zamu, wengine mlikosa wa kumwachia mtoto, mkaniomba niandike. Nimeandika vile vile nilivyoongea, picha za ukutani nimeziacha maana hata siku yenyewe projekta ilikuwa inazima zima.

Wazazi, manesi wenzangu, na nyie madaktari mliojificha kule nyuma kama wanafunzi watoro, hamjambo? Waliokesha wodini na waliokesha nyumbani wote poleni kwa usingizi.

Naanza na kichupa. Kuna bibi mmoja alikuja wodini saa ya kuona wagonjwa, mjukuu wake alizaliwa na wiki 27, gramu 900 na kitu, yupo kwenye oksijeni wiki ya tano hiyo. Bibi akanivuta pembeni, akafungua leso fundo kwa fundo, akatoa kichupa cha matone. Kimeandikwa antioksidanti kwa herufi kubwa, na picha ya mapafu yamechorwa yanang'aa kama yamepigwa polishi. Akaniambia, "Mwanangu, daktari kasema mapafu ya huyu mtoto yanaunguzwa na oksijeni. Na hii imeandikwa inazuia oksijeni isiunguze mwili. Sasa kwa nini hampi?"

Jamani, nilikosa jibu. Yaani majibu ya haraka haraka ninayo, "bibi dawa za nje haziruhusiwi wodini", nikampa hilo, akarudisha kichupa kwenye leso akanitazama kama mtu aliyeuliza njia akaambiwa habari za mvua. Lakini swali lake lilikuwa zuri kuliko jibu langu. Ni swali ambalo watafiti wamelihangaikia kwa zaidi ya miaka 40, yeye kalifikia peke yake akiwa amekaa kwenye benchi la wodini. Leo nalijibu kwa urefu, na bahati nzuri mwenye swali yupo hapa, mstari wa pili. Shikamoo bibi.

Tuelewane kwanza kuhusu oksijeni yenyewe. Ukisikia oksijeni unasikia uhai, sio? Mtu akizidiwa, oksijeni. Filamu ikitaka uogope, oksijeni imeisha. Hakuna anayekwambia oksijeni inaunguza. Lakini Joseph Priestley, Mwingereza aliyeichunguza hii hewa mwaka 1774, mmoja wa watu wa kwanza kabisa kuivuta ikiwa safi, aliifurahia, akasema kifua kilikuwa chepesi, halafu hapo hapo akaingiwa na wasiwasi. Aliona mshumaa ndani ya ile hewa unawaka kwa fujo na kuisha upesi, akajiuliza, je na sisi tukiivuta hii si tutaisha upesi hivyo hivyo? Watu hawakumsikiliza. Oksijeni ikasifiwa, ikasifiwa, na mnajua mgema akisifiwa.

Miaka ya 1940 hospitali za nchi tajiri zilipata inkubeta nzuri zinazobana hewa vizuri, wakawajaza njiti oksijeni, nyingi, kwa wiki nyingi, kwa upendo kabisa. Mwaka 1942 daktari wa macho wa Boston, Theodore Terry, akaanza kuandika kuhusu watoto njiti wanaopofuka, nyuma ya lenzi kuna utando mweupe. Ilichukua zaidi ya miaka 10 kuhakikisha chanzo ni nini. Stevie Wonder mnayemjua, kazaliwa mwaka 1950 kabla ya wakati wake, ni mmoja wa waliopoteza macho enzi hizo.

Na hapa kuna kisa ambacho mimi kama nesi kinanichoma. Daktari mwingine wa macho, Arnall Patz, alifanya utafiti Washington, kundi moja la watoto lipewe oksijeni nyingi kama kawaida, kundi lingine wapewe kidogo tu pale wanapohitaji. Unajua kilichotokea? Usiku manesi walikuwa wanakwenda kimya kimya kufungulia oksijeni wale watoto wa kundi la kidogo. Waliona daktari anawatesa watoto wa watu. Waliwahurumia. Na huruma ile ndio ilikuwa inawasogeza kwenye upofu!

Mnacheka, eh. Mimi sicheki, maana na mimi nimefanya.

Ilikuwa mwaka wangu wa pili kwenye wodi ya njiti, hospitali siitaji. Saa nane usiku, mtoto wa wiki 26, yule wa kona, alamu inalia. Nikaangalia mashine inayopima oksijeni iliyomo kwenye damu, 84. 81. 78. Rangi inabadilika, midomo inakuwa ya buluu, nikamgusa nyayo, nikamnyoosha shingo, nikapandisha oksijeni kutoka asilimia 30 mpaka 60. Polepole namba zikapanda, 85, 91, 96, 99. Mtoto akatulia. Alamu kimya. Nikashukuru Mungu, nikaandika 99 kwenye chati kwa mwandiko mzuri kabisa, nikaenda kwa mtoto mwingine maana tulikuwa wawili na watoto 14.

Asubuhi tunapokezana zamu akaja sista mmoja wa zamani, miwani juu ya paji la uso. Akapita kitanda kwa kitanda, kwa yule wa kona akasimama.

"Nani kampa huyu mtoto 99?"

"Mimi sista." Nilisema nikitabasamu jamani, nilidhani napongezwa.

"Tangu saa ngapi?"

"Kama saa nane na nusu."

Hakunigombeza. Alishika kile kitufe akaanza kukirudisha, 55, akasubiri, macho kwa mtoto wala sio kwenye mashine, 50, akasubiri, 45, mpaka ikafika 34 na mtoto anasoma 93, kalala zake kama hakuna kilichobadilika. Zaidi ya masaa manne mtoto alikuwa anavuta karibu mara mbili ya alichohitaji, na mimi ndiye niliyempa. Halafu sista akaniambia neno ambalo nimewafundisha wanafunzi wote waliopita mikononi mwangu: "Mwanangu, 99 ya mtoto anayevuta hewa ya kawaida ni afya. 99 ya mtoto uliyemfungulia oksijeni hujui ni ngapi."

Hujui ni ngapi kwa nini? Fikiria damu ni basi lenye viti 100, na abiria ndio oksijeni. Kile kidude chekundu tunachomfunga mtoto mguuni kinahesabu viti vilivyokaliwa tu. Kikisoma 93, unajua kabisa viti saba viko wazi. Kikisoma 99 au 100 viti vimejaa, lakini waliosimama mlangoni ni wangapi? Wawili? Mia mbili? Kidude hakioni. Ndio maana mtoto akiwa kwenye oksijeni tunamweka kati ya 90 na 95 hivi, na alamu inalia ikishuka na inalia pia ikipanda sana. Wazazi mnaotutazama tunashusha oksijeni ya mtoto akiwa na 98 mkadhani tunabana matumizi, sasa mmejua.

Na msije mkaondoka hapa mnasema basi oksijeni ni sumu tuikatae. Hapana, hapana! Baada ya kugundua habari ya macho watu waliogopa wakaibana oksijeni kupita kiasi, na watoto wengine wakafa kwa kuikosa. Mwaka 2010 ukatoka utafiti mkubwa wa Marekani, watoto 1,316, kundi moja waliwekwa 85 mpaka 89, lingine 91 mpaka 95. Kundi la chini macho yalipona zaidi, lakini waliokufa walikuwa wengi zaidi, karibu 20 kwa kila 100 dhidi ya 16. Kwa hiyo tunatembea kwenye ukuta mwembamba, huku upofu na mapafu, huku kifo, na ukuta wenyewe tunautembea usiku, wauguzi wawili watoto 14.

Sasa, inaunguzaje?

Chuma ukikiacha nje kinapata kutu. Tunda ukilikata ukaliacha linageuka rangi. Hiyo yote ni kazi ya oksijeni. Oksijeni ina njaa ya elektroni, na mwili umeitumia hiyo njaa kwa akili sana, seli zinachoma chakula kwa oksijeni tunapata nguvu. Lakini kila moto una cheche. Oksijeni kidogo inatoka nusu nusu, imechukua elektroni moja tu badala ya nne, inaitwa suparoksaidi, na hizo cheche na ndugu zake kwa jumla tunaziita radikali huru. Zinakwapua elektroni popote zinapozikuta, kwenye mafuta ya ukuta wa seli, kwenye protini, kwenye vinasaba. Na zikikutana na madini ya chuma yanayozurura bila kufungwa, mambo yanakuwa mabaya zaidi. Mwaka 1954 mwanamama mmoja wa Argentina, Rebeca Gerschman, na wenzake walisema kitu ambacho wengi hawakukiamini, kwamba oksijeni nyingi inaumiza mwili kwa njia ile ile ambayo mionzi inaumiza. Kumbe alikuwa sahihi.

Mwili ukaweka zimamoto wake. Mwaka 1969 Joe McCord na Irwin Fridovich wa chuo kikuu cha Duke walitangaza kimeng'enya kinachoitwa suparoksaidi dismutasi, kazi yake ni kukamata zile cheche na kuzigeuza haidrojeni peroksaidi, ile ile inayotoa povu ukisafishia kidonda, halafu vimeng'enya vingine, katalasi na mwenzake glutathioni peroksidasi, vinaigeuza hiyo kuwa maji. Cheche, povu, maji. Wapo na wasaidizi, vitamini E, vitamini C, seleni, hata ile bilirubini inayowatia watoto umanjano ina sehemu yake. Hao wote kwa pamoja ndio antioksidanti.

Mimi na wewe tunao zimamoto tele. Njiti je?

Tumboni mtoto anaishi kwenye oksijeni ndogo sana, robo hadi theluthi ya iliyopo kwenye damu ya mtu mzima, wataalamu wanapenda kulinganisha na kuishi kileleni Everest. Huko zimamoto wa nini? Mwili wa mtoto unajua ratiba, unawaajiri mwishoni, wakati safari ya kutoka inakaribia. Lee Frank alipima mapafu ya wanyama wa maabara akakuta hivyo vimeng'enya vinapanda katika asilimia 10 hadi 15 ya mwisho ya ujauzito, sambamba na ule ute unaofanya mapafu yasinatane. Vitamini E na seleni navyo mama anamgawia mtoto zaidi miezi ile ya mwisho.

Halafu kuna hili la sungura, ambalo kwangu ndio kiini cha mambo yote. Sungura aliyezaliwa kwa wakati ukimweka kwenye oksijeni nyingi, mapafu yanashtuka, yanaongeza zimamoto haraka. Sungura aliyezaliwa kabla ya siku zake, hata umweke kwenye oksijeni hiyo hiyo, haongezi. Kengele inalia, hakuna anayeamka. Mnaelewa? Zimamoto ni wachache, na hata hao wachache hawajajifunza kusikia kengele.

Kwa hiyo mtoto anatolewa Everest kwa ghafla, tunampa oksijeni maana bila hiyo atakufa, mashine inasukuma hewa, mapafu yanavimba, chembe nyeupe za damu zinakuja kupigana, nazo silaha yao ni hizo hizo radikali. Damu yake haina vya kutosha vya kufunga madini ya chuma. Moto juu ya moto.

Ugonjwa wa mapafu unaotokana na haya manesi tunauita BPD, kifupi cha jina la Kiingereza bronchopulmonary dysplasia, ndio huo mnaouona umeandikwa kwenye mafaili ya watoto wenu. Ulielezwa mara ya kwanza mwaka 1967 na William Northway na wenzake huko Stanford, watoto 32 waliokuwa wamewekwa mashine na oksijeni ya asilimia 80 hadi 100. Miaka minne kabla yake, Agosti 1963, Rais Kennedy wa Marekani alizaliwa mtoto Patrick, wiki tano na nusu kabla ya wakati, kilo 2.1. Kilo 2.1! Leo mtoto wa kilo 2.1 wodini kwetu ni baunsa. Walimweka mpaka kwenye chemba ya oksijeni ya mgandamizo, akaishi masaa 39. Mtoto wa rais. Hawakuwa na kitu kingine cha kumpa.

Leo BPD ni ya watoto wadogo zaidi, wa chini ya wiki 28 hasa. Sio makovu makubwa kama ya enzi za Northway, ni kwamba mapafu yanasimama kukua. Yalitakiwa yagawanyike yawe vifuko vidogo vidogo mamilioni kwa mamilioni, mtu mzima ana karibu milioni 480, yeye anabaki na vyumba vichache vikubwa vyenye kuta nene na mishipa michache. Akifika umri wa wiki 36, ukihesabu na zile za tumboni, bado anahitaji oksijeni, basi daktari anaandika hizo herufi tatu. Sio hukumu ya kifo. Mapafu yanaendelea kukua miaka na miaka. Lakini mafua yanayompita mwenzake kwa siku tatu yeye yanamlaza.

Haya. Sasa turudi kwa bibi na kichupa chake. Zimamoto hawapo, si tuwalete kwa chupa?

Bibi, wamejaribu. Nakwambia wamejaribu mpaka basi.

Walianza na vitamini E. Mwaka 1978 matokeo ya awali yakatoka mazuri, watu wakashangilia, wakaendelea na watoto wengine zaidi, faida ikayeyuka. Na kisha likaja jambo ambalo kila anayeuza kichupa angepaswa kulijua. Mwishoni mwa mwaka 1983, Marekani, kampuni moja ilitoa vitamini E ya kuchoma kwenye mshipa kwa ajili ya njiti, bila kupimwa kwanza inavyotakiwa. Si ni vitamini tu? Vitamini ina ubaya gani? Watoto 38 walikufa kabla haijaondolewa mwaka 1984. Maini yalifeli, figo zilifeli, maji yakajaa tumboni. Kinacholaumiwa zaidi sio vitamini yenyewe, ni vile vimiminika walivyoiyeyushia. Manesi ndio waliokuwa wakiichoma, wakiamini wanawalinda watoto. Mimi nikiwafikiria wale wenzangu huwa napata baridi.

Wakajaribu dawa inayoitwa N-asetilisisteini, mwili unaitumia kutengeneza antioksidanti yake. Watoto 391, dripu siku sita. Hakuna tofauti. Seleni ikapunguza maambukizi ya damu, mapafu yakabaki vile vile. Mafuta ya DHA, yale ya samaki, haya sio antioksidanti hasa lakini yalitegemewa kutuliza uvimbe, mwaka 2017 watoto 1,273, na waliopewa ndio wakaelekea kupata BPD zaidi. Unaona unavyoweza kuwa na nia nzuri?

Vitamini A imefanya vizuri kidogo. Utafiti wa mwaka 1999, watoto 807, waliopata vitamini A waliokufa au kupata BPD walikuwa 55 kwa 100, wasiopata 62. Ni faida ya kweli, ila kazi ya vitamini A pale ni zaidi kusaidia ngozi ya ndani ya njia ya hewa ijijenge, na bei yake ni sindano ya msuli mara tatu kwa wiki kwa wiki nne. Hesabu, sindano 12. Sasa nyoosha kidole chako cha shahada ukitazame. Paja la mtoto wa gramu 700 halijapita hapo sana. Unatafuta msuli wapi? Ndio maana wodi nyingi hazikuichangamkia, na siwalaumu.

Halafu wakafika kwa zimamoto mwenyewe, suparoksaidi dismutasi, wakamtengeneza maabara wakamwagia watoto moja kwa moja kwenye mapafu kupitia mrija wa mashine. Watoto 302, matokeo yakatoka mwaka 2003. BPD ilipungua? Haikupungua. Wote wakavunjika moyo. Lakini kuna mtu alikuwa na akili ya kuwafuatilia wale watoto mpaka mwaka mmoja, na hapo ndio ikaonekana waliopewa dawa ya maji matupu, 37 kwa 100 walikuwa na vifua vya kukoroma mpaka kuhitaji dawa za pumu, waliopewa kimeng'enya 24 kwa 100. Kwa hiyo kuna kitu kilifanyika ambacho vipimo vya siku za mwanzo havikukiona. Mimi huu utafiti naupenda kuliko yote niliyoitaja, kwa sababu ulikuwa na subira. Lakini mpaka leo haijawa dawa ya kawaida wodini.

Mbona inagoma goma hivi? Kwa ninavyoelewa mimi, radikali sio wezi tu. Mwili unazitumia pia, kuua bakteria, kupelekeana ujumbe kwamba seli hii ikue hii isimame. Ukizimwagia maji zote unazima na jiko. Na tena zimamoto lazima afike chumba chenyewe kinachoungua, ndani ya seli, kwa dakika yenyewe, sio kuelea kwenye damu. Hata kwa watu wazima imeshaonekana, Finland walipowapa wavuta sigara vidonge vya betakarotini, wanaume zaidi ya 29,000 walishiriki ule utafiti, mwaka 1994 ikatangazwa kwamba waliomeza betakarotini walipata saratani ya mapafu zaidi, sio pungufu. Antioksidanti hiyo. Neno zuri, sanduku zuri, matokeo mabaya.

Sasa msiniangalie hivyo, kuna vinavyosaidia, tena vingi mnavyo mikononi, ila havina picha ya mapafu yanayong'aa.

Mama mmoja alikuja kunishtaki kwa daktari. Kweli kabisa. Aliona mfuko wa dripu ya lishe ya mtoto wake umefunikwa mfuko mwingine wa rangi, na mrija nao wa rangi, akasema hawa manesi wanaficha wanachompa mwanangu. Nikamwelekeza, mama, hii lishe ikipigwa na mwanga inatengeneza peroksaidi, ndio hizo hizo cheche, tungemmiminia moto kwa mshipa. Tunafunika ili asiungue. Akakaa kimya, kesho yake nikamkuta yeye ndiye anayenikumbusha, "nesi, pale pembeni mwanga unaingia."

Maziwa yenu kina mama. Yana antioksidanti zake, yana vingine vingi, na watoto wanaopata maziwa ya mama zao tafiti nyingi zinaonyesha BPD kwao ni pungufu. Zile mililita mbili unazokamua unalia ukiona ni kidogo, mililita mbili kwa mtoto wa gramu 800 sio kidogo, usizimwage.

Kafeini, ndiyo, ile ya kwenye kahawa. Tunampa ili asisahau kupumua. Mwaka 2006 ukatoka utafiti wa watoto 2,006, namba zimegongana tu, waliopata kafeini wenye BPD 36 kwa 100, wasiopata 47. Hakuna antioksidanti iliyowahi kufika hapo! Na sababu kubwa ni kwamba walitolewa mashine mapema, oksijeni mapema. Ukipunguza moto huhitaji zimamoto wengi. Sindano za steroidi kwa mama kabla hajajifungua, zilizoanzia kwa Liggins na Howie New Zealand mwaka 1972, nazo ni humo humo, zinamkomaza mtoto mapafu. Na ile mashine ya mapovu ya puani badala ya mrija kooni, na kuanza na oksijeni ya kiasi mtoto anapozaliwa, sio moja kwa moja 100 kama tulivyofundishwa sisi wazee.

Baba uliyeuliza kwenye karatasi kuhusu sigara, jibu ni ndiyo, moshi una radikali tele, zima. Kuna utafiti wa mwaka 2014 ambapo wajawazito walioshindwa kuacha sigara walipewa vitamini C miligramu 500 kwa siku, watoto wao walikoroma vifua mwaka wa kwanza 21 kwa 100, dhidi ya 40 kwa wasiopewa. Inavutia. Lakini pale antioksidanti ilipita kwa mama, kabla, kwa ratiba ya tumbo. Na kuacha sigara bado kunashinda.

Basi muda wangu umeisha, naona mratibu ananionyesha saa. Bibi, kile kichupa uliniachia siku mtoto anatoka, ulisema "kaa nacho utafute jibu." Kipo kwenye kabati la ofisini, hakijafunguliwa, pita ukichukue. Na mjukuu wako namwona pale kwenye mapaja ya mama yake anatafuna kamba ya kitambulisho changu nilichomwachia, amevuta oksijeni mpaka wiki ya 38 huyu, miezi 14 leo, na kikohozi chake cha wiki iliyopita nataka kukisikiliza kabla hamjaondoka.

Maswali. Naanza na yule mama wa nyuma, umenyoosha mkono tangu nilipotaja 99.